Nukta moja kwenye grafu ya Warusi: jinsi aloi ya titani ilivyonyimwa hataza

Tarehe 29 Machi 1974 kampuni ya Kimarekani inaitwa Titanium Metals Corporation of America, wengi wanaijua kama TIMET, ilipeleka maombi ya hataza (haki ya mgunduzi kuwazuia wengine wasitumie ugunduzi wake kwa muda) ya aloi mpya, yaani mchanganyiko wa metali. Waliogundua walikuwa wafanyakazi wake wawili, Loren Covington na Howard Palmer. Jibu la mwisho lilikuja kupatikana Novemba 1985, zaidi ya miaka 11 baadaye, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Na aliyewaangusha wala sio mshindani wa biashara, ni makala ya kurasa chache iliyotoka Urusi ya Kisovieti mwaka 1970, makala ambayo hata haikugusa kile kitu wao walichokuwa wanajivunia kukigundua.

Kesi inaitwa Titanium Metals dhidi ya Banner. Huyo Banner ni Donald Banner aliyekuwa kamishna wa Ofisi ya Hataza ya Marekani, jina lake lilibaki juu ya faili hata baada ya yeye kuondoka, mambo ya makarani. Inahusu metali, sio rangi, lakini ukienda kwa mtu yeyote anayeshughulika na hataza za rangi, vanishi, praima, gundi au mipako ya kuzuia kutu utakuta hoja yake imetoka humo humo, kwa sababu swali ni lile lile: mchanganyiko wenye vipimo vya asilimia, na karatasi ya zamani yenye kipimo kinachoangukia ndani ya vile vipimo. Ukiielewa hii umeelewa nusu ya magomvi yote ya namna hiyo.

Kwanza kemia kidogo, maana bila hiyo utaona kama hao jamaa walikuwa wanahangaika na kitu kidogo. Titani haili kutu kirahisi sababu uso wake ukigusana na hewa unajivisha wenyewe koti jembamba la oksidi, na ni oksidi hiyo hiyo ambayo ikiwa unga ndo inatoa weupe wa rangi za ukutani (mchanga wa Kwale uliokuwa unachimbwa na Base Titanium kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024 ulikuwa unaelekea zaidi huko, sehemu kubwa ya madini ya titani duniani inaishia kwenye makopo ya rangi na sio kwenye ndege kama watu wanavyodhani). Koti hilo ni zuri ila lina adui wake: maji ya chumvi yakiwa ya moto, tuseme kuanzia nyuzi 70 au 80 za Selsiasi kupanda, halafu pawe na mwanya mwembamba, kwenye gasketi kwa mfano au pale bomba linapoingia kwenye bamba, basi humo ndani ya mwanya hewa inakwisha, asidi inajikusanya, koti linatoboka na halijirudishi tena. Mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, kama ile ya nchi za Ghuba, inaishi na tatizo hili. Dawa iliyokuwa inajulikana ni kuweka paladi kidogo, haizidi robo asilimia, ila paladi ni jamii moja na platinamu, bei yake unaijua.

Covington na Palmer wakaja na njia ya bei rahisi. Nikeli kidogo na molibdeni kidogo, basi, koti linashika hata kwenye chumvi ya moto, na metali bado inakubali kupigwa bapa kiwandani bila kupasuka. Hii haikuwa porojo, aloi hiyo mpaka leo ipo sokoni, ndo inaitwa Gredi 12 kwenye viwango vya ASTM, shirika la Kimarekani la viwango, 0.3 molibdeni na 0.8 nikeli, na inafanya kazi ile ile waliyosema itafanya. Kwa hiyo msije mkadhani kisa hiki ni cha wababaishaji waliokamatwa, hapana, ni watu waliofanya kazi ya kweli na wakagundua kitu cha kweli.

Sasa shida ilianzia kwenye jinsi walivyoandika madai yao. Kwa wasiojua, kwenye hataza kinacholindwa sio hadithi ndefu ya ugunduzi, ni ile orodha ya madai mwishoni, sentensi zenye namba, kila moja inachora mpaka wa shamba. Dai lao la 1 lilisema: aloi ya titani yenye nikeli asilimia 0.6 hadi 0.9, molibdeni 0.2 hadi 0.4, chuma hadi 0.2 kisizidi, kilichobaki titani, na aloi hiyo ina sifa ya kuhimili vizuri kuliwa na kutu kwenye mazingira ya maji ya chumvi ya moto. Dai la 2 ni hilo hilo ila chuma kinabanwa hadi 0.1. Dai la 3 lilikuwa jembamba zaidi, nikeli 0.8 kamili, molibdeni 0.3 kamili, chuma hadi 0.1, na ile ile sentensi ya chumvi ya moto mkiani.

Soma tena dai la 1 taratibu. Halisemi matumizi ya aloi kwenye maji ya chumvi, wala namna ya kujenga bomba. Linasema aloi. Maana yake hata ukiiyeyusha aloi hiyo ukatengenezea fremu ya baiskeli isiyowahi kuona bahari, umeingia shamba la watu.

Mkaguzi wa Ofisi ya Hataza akafanya kazi yake, akatafuta maandishi ya nyuma, akaibuka na makala ya Kalabukhova na Mikheyew iliyotoka kwenye jarida la metali la Kirusi, namba 3 ya mwaka 1970, kurasa 130 mpaka 133. Kichwa chake kinahusu uchunguzi wa tabia za kimakanika za aloi za titani, molibdeni na nikeli, yaani ugumu, uimara, kuvutika, mambo hayo. Makala fupi, imejaa grafu, kama 10 hivi. Hakuna mahali imesema hapa tuna aloi ya 0.75 nikeli na 0.25 molibdeni. Hakuna sentensi hiyo. Kutu haijatajwa, chumvi haijatajwa.

Ila kulikuwa na grafu moja ambayo mhimili wake unaonyesha jumla ya molibdeni na nikeli kwa pamoja, na makala inaeleza kwamba kwa hiyo aloi uwiano ni moja kwa tatu, molibdeni moja nikeli tatu. Na kwenye mstari wa grafu, karibu kabisa na asilimia 1, kuna nukta. Sio mstari uliochorwa kwa kukisia kati ya vipimo viwili, ni nukta halisi, maana yake hao Warusi waliyeyusha kipande chenye kipimo hicho na wakakipima. Piga hesabu ya darasa la sita: asilimia 1 gawanya kwa uwiano wa moja kwa tatu unapata molibdeni 0.25 na nikeli 0.75. Rudi kwenye dai la 1: molibdeni 0.2 hadi 0.4, ndani. Nikeli 0.6 hadi 0.9, ndani. Chuma hadi 0.2, na neno hadi linakubali hata sifuri, ndani. Nukta ileile ikajitokeza pia kwenye grafu nyingine ya makala hiyo hiyo. Kuna nyingine kwenye asilimia 1.25, ambayo ukiigawa unapata kama 0.31 molibdeni na 0.94 nikeli, hii nikeli yake inatoka nje ya dai la 1 kwa unywele tu, lakini iweke akilini, itarudi.

Mkaguzi akakataa madai yote: la 1 na la 2 yameshatanguliwa na maandishi yaliyochapishwa, na la 3 ni jambo la wazi, yaani fundi wa kawaida wa fani angelifikia mwenyewe. Kampuni ikakata rufaa kwenye bodi ya ndani ya ofisi hiyo hiyo, bodi ikamuunga mkono mkaguzi. Hapo kampuni ikatumia mlango mwingine ambao sheria ya Marekani inautoa, badala ya kwenda rufaa moja kwa moja unaishtaki ofisi kwenye mahakama ya wilaya, enzi hizo ilikuwa ile ya Washington, na unaruhusiwa kuleta ushahidi mpya na mashahidi wa kuhojiwa ana kwa ana. Wakaleta wataalamu, na mwaka 1984 wakashinda. Jaji wa mahakama hiyo aliona kwamba makala ya Warusi haikumfundisha mtu yeyote chochote kuhusu kuhimili kutu, na ugunduzi wa Covington na Palmer ulikuwa hasa huo, basi vipi useme makala imeutangulia? Akaagiza hataza itolewe.

Kusema kweli ukisikia upande huo peke yake unakubali. Mtu wa kawaida akili yake inakwenda hivyo, nani kagundua hii kitu inazuia kutu? Wao. Nani alikuwa anajua kabla yao? Hakuna. Basi wapeni.

Ofisi ya Hataza ikapanda Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, mahakama iliyoanzishwa 1982 na ambayo rufaa za hataza nchini Marekani ndo zinakoelekea, na faili likaangukia mikononi mwa Jaji Giles Rich. Sasa huyu mzee sio wa mchezo. Alizaliwa 1904, alikuwa mmoja wa watu walioiandika sheria ya hataza ya Marekani ya 1952 yenyewe, alikaa kwenye kiti mpaka alipofariki 1999 akiwa na miaka 95. Ukienda kubishana naye maana ya kifungu unabishana na aliyeshika kalamu.

Rich hakuwabeza wagunduzi hata kidogo. Alikiri kabisa kwamba mahakama ya chini ilivutiwa na ushahidi kuwa hawa watu wamegundua na kutoa elimu ambayo haimo kwenye makala, na akasema yeye mwenyewe hana shaka na hilo. Kisha akasema hayo yote yako pembeni ya suala. Sheria haiulizi nani kaleta elimu mpya, inauliza kile kinachodaiwa, kama kilivyoandikwa kwenye madai, je ni kipya? Na kinachodaiwa ni aloi. Aloi hiyo ilikwishaandikwa 1970. Bunge la Marekani, akasema, halijaona haja ya kuruhusu mtu apewe hataza ya aloi ya zamani inayojulikana kupitia maandishi yaliyochapishwa eti kwa sababu kagundua kuwa haili kutu au ina sifa nyingine ya maana, au kwa sababu kagundua unaweza kuchezea vipimo vyake kiasi gani bila kuipoteza sifa hiyo.

Hilo la mwisho ndo linaumiza zaidi, na ndo linalowahusu watengenezaji wa rangi moja kwa moja. Kazi kubwa ya mtu wa maabara ya rangi ni nini kama sio kutafuta mipaka? Unajua resini na kigumu chake vinashika, unakaa wiki na wiki unapandisha asilimia mbili unashusha moja, mpaka unajua hapa koti linapasuka, hapa linabaki laini, hapa kati kati ndo penyewe. Hiyo mipaka ni elimu uliyoitolea jasho. Rich anasema jasho lako linaheshimika, lakini kama ndani ya mipaka yako kuna hata kipimo kimoja ambacho mtu alishakichapisha, dai lote la mipaka hiyo linaanguka, sio ile nukta peke yake. Aliita hiyo kanuni ya msingi kabisa, kwamba dai likifunika michanganyiko kadhaa, kwa vipimo vya kuanzia hapa hadi hapa au kwa namna nyingine yoyote, limetanguliwa ikiwa mmoja wapo ulikuwepo tayari. Ni kama mtu anaomba miliki ya chai yenye tangawizi kijiko kimoja mpaka vitatu wakati mama ntilie wa kona ile anauza ya vijiko viwili miaka yote, huwezi kumwambia mama wewe endelea na viwili mimi nichukue vilivyobaki, sababu dai uliloandika limemfunika na yeye.

Na kuna kipimo cha zamani kinachotumika hapo, kinatoka kesi ya Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ya 1889, Peters dhidi ya Active Manufacturing: kitu ambacho kikija baadaye kingekuwa kinavunja hataza yako, basi kikiwa kimekuja kabla kinaiua. Jaribu kukiweka kwenye kisa chetu. Tuseme hataza imetolewa, halafu kesho yake hao watafiti wa Kirusi wanayeyusha tena kile kipande chao cha 0.25 na 0.75 ndani ya Marekani. Wamevunja hataza? Kwa maneno ya dai la 1, ndio. Basi hataza ingekuwa imewanyang'anya watu kitu ambacho walikuwa nacho mkononi tangu 1970. Mimi hapa sina ugomvi na Rich kabisa.

Kampuni ilikuwa na hoja nyingine, na mojawapo iligeuka ikawachoma wenyewe. Walisema makala haielezi namna ya kuitengeneza hiyo aloi, na kweli kuna kanuni kwamba maandishi ya zamani hayahesabiki kama hayamwezeshi fundi kukitengeneza kitu. Nukta kwenye grafu sio maelekezo ya tanuru. Sawa. Rich akafungua maombi ya kampuni yenyewe akaona nayo hayaelezi namna ya kuitengeneza aloi! Walichukulia tu kwamba fundi anajua. Na juu ya hapo shahidi wao mwenyewe, Dk. James Williams, akihojiwa na wakili wa kampuni, alieleza kwamba njia za kuitengeneza zipo zaidi ya moja na mafundi wa fani wanazijua. Hoja ikafa hapo hapo. Unaandika hataza ukimwamini fundi, halafu ukifika kwa makala ya mwenzako unasema fundi hawezi, haiendi.

Kuhusu ile sentensi ya mkiani, ina sifa ya kuhimili vizuri kuliwa kwenye chumvi ya moto, wengine wangedhani hiyo ndo inaokoa dai, maana Warusi hawakuitaja. Lakini sifa sio kiungo, huwezi kuipima kwenye mizani ukaimwaga kwenye tanuru. Kipande cha Warusi cha 1970 kilikuwa na sifa hiyo tayari, kimekaa nayo kimya kwenye kabati la maabara bila mtu kuuliza. Ukikiongezea sentensi leo kipande hakijabadilika. Miaka mitano baadaye mahakama hiyo hiyo ilirudia jambo hili kwenye kesi ya Spada ya 1990, na hiyo sasa ni ya jamii ya rangi za maji na gundi: mwombaji alikuwa na polima ya kwenye maji inayonata, hataza ya zamani ya mtu anaitwa Smith ilikuwa na polima ngumu isiyonata, mwombaji akasema si mnaona, yangu inanata yake hainati, haziwezi kuwa kitu kimoja. Mahakama ikajibu kwamba malighafi ni zile zile, njia ya kupika ni ile ile, vitu viwili vyenye kemia moja haviwezi kuwa na sifa zinazokanushana, kama unaamini vinatofautiana basi mzigo wa kuonyesha ni wako. Hakuuonyesha.

Turudi kwa dai la 3, ambalo mimi naliona ndo sehemu ngumu ya kisa na watu wanalipitia haraka haraka. 0.8 nikeli na 0.3 molibdeni kamili. Nukta ya Warusi ni 0.75 na 0.25. Sio ile ile. Hapa huwezi kusema limetanguliwa, sababu kutanguliwa kunataka kitu chenyewe, sio jirani yake. Rich akakubali hilo, ila akahamia kwenye swali la pili, je lilikuwa jambo la wazi? Na hapa ndo inarudi ile nukta ya pili niliyosema muiweke akilini: Warusi wana aloi ya 0.25 na 0.75 upande huu, wana ya 0.31 na 0.94 upande ule, na dai la 3 limekaa katikati yao. Vipimo vimekaribiana kiasi kwamba fundi yeyote angetegemea tabia zilingane. Hiyo inatosha kuwasukumia kampuni mzigo, waonyeshe kwamba aloi yao ya 0.8 na 0.3 ina kitu ambacho majirani zake hawana, kitu cha kushangaza. Hawakuleta ushahidi wowote wa namna hiyo. Dai la 3 likafuata wenzake na mahakama ikaigeuza hukumu yote.

Kwa maoni yangu hapa Rich alikuwa mkali kidogo, ingawa kwa mantiki hakukosea. Mkali kwa sababu hoja ya jambo la wazi inamuuliza fundi angetaka kufanya nini, na fundi wa 1974 aliyeisoma makala ile hakuwa na sababu ya kutafuta kutu humo, ilikuwa makala ya ugumu na kuvutika. Lakini ukiibana zaidi unaona kwa nini hawakuwa na pa kutokea: kuleta ushahidi kwamba 0.8 na 0.3 inashinda 0.75 na 0.25 kwenye chumvi ya moto kungepingana na dai lao wenyewe la 1, ambalo linasema kuanzia 0.6 hadi 0.9 kote ni kuzuri. Ukishatangaza shamba lote lina rutuba sawa huwezi kugeuka useme hii kona ndo ya ajabu. Wengi wanaoandika madai mapana wakidhani wanajilinda hawalioni hili mpaka siku wanapohitaji kona.

Mfano wa mipako halisi upo, kesi ya Geisler ya 1997, mahakama hiyo hiyo. Hapo kulikuwa na kitu cha kuakisi mwanga chenye tabaka la kinga juu yake, mwombaji anadai unene wa tabaka hilo uwe angstromu 50 hadi 100, yaani nanomita 5 hadi 10, jembamba vibaya sana. Hataza ya zamani ilisema 100 hadi 600. Vinagusana kwenye namba moja tu, 100. Tena ya zamani ilisema kwa ulinzi mzuri unene usipungue takriban 100, na mwombaji akashika hapo hapo, kwamba si mnaona walikuwa wanawafukuza watu wasishuke chini? Mahakama ikasema hapana, hataza hiyo hiyo ya zamani inasema pia kuna faida kulifanya tabaka kuwa jembamba kadri inavyowezekana, hiyo sio kumfukuza mtu, ni kumwonyesha njia. Akaleta pia kwamba uhimili wa kukwaruzwa umeongezeka kwa asilimia 26, wakamwambia asilimia peke yake haisemi kitu, onyesha kwamba hiyo 26 ilikuwa haitarajiwi. Kwa hiyo ukiwa na mchanganyiko wako na una data ya maabara, data isiyolinganishwa na yule jirani wa karibu kabisa kwenye maandishi ya zamani haitakubeba, hata iwe nzuri namna gani.

Wanaosoma wakiwa huku kwetu wasidhani haya ni ya Wamarekani tu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, kifungu cha 23, inahesabu kuwa kimeshajulikana kila kilichowekwa hadharani popote duniani kwa maandishi, na inataja waziwazi kwamba michoro na vielelezo vimo. Popote duniani. Grafu ya Kirusi ya miaka hiyo ingemwangusha mwombaji wa Nairobi vile vile, hata kama hakuna nakala hata moja ya jarida hilo iliyowahi kufika Mombasa.

Je, Covington na Palmer walikuwa hawana la kufanya? Walikuwa nalo, na hili ndo linanikera kwenye kisa hiki zaidi ya hukumu yenyewe. Sheria ya Marekani inasema njia au mchakato ni pamoja na matumizi mapya ya kitu kinachojulikana. Wangeweza kudai njia: njia ya kupitisha maji ya chumvi ya moto kwenye chombo, ambapo chombo kimetengenezwa kwa aloi ya vipimo hivi. Makala ya Warusi haina chombo, haina chumvi, haina moto. Mkaguzi angebaki na swali la kama ni jambo la wazi peke yake, na hapo ukimya wa makala kuhusu kutu ungekuwa upande wa kampuni badala ya kuwa hauna maana. Shamba lingekuwa dogo, kweli, mwenye fremu ya baiskeli angepita bure, lakini mwenye baiskeli sio mteja wao hata hivyo.

Ulaya walifika mbali zaidi kwenye njia hiyo. Desemba 1989 Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliamua shauri la Mobil, namba G 2/88. Kiongezi cha oili kilikuwa kinajulikana na kutumika kuzuia kutu. Mobil wakagundua kwamba kiongezi hicho hicho kinapunguza msuguano, wakadai matumizi yake kwa kazi ya kupunguza msuguano. Oili ni ile ile, kiongezi ni kile kile, kinamiminwa kwenye injini ile ile, na bila shaka msuguano ulikuwa unapungua tangu siku ya kwanza bila mtu kujua. Bodi ikasema dai la matumizi kwa lengo jipya la kiufundi linaweza kuwa jipya kama lengo hilo halikuwa limewekwa hadharani. Mimi hilo la Mobil linanipa shida, sababu unamshtaki vipi muuza oili, utajuaje yeye anaiuza kwa kutu na sio kwa msuguano? Ila kwa mtu mwenye ugunduzi kama wa TIMET, kwamba kitu cha zamani kina kazi mpya, ni mlango ulio wazi, na wanaoandika madai ya rangi na mipako siku hizi huwa wanapanga yote matatu kwenye faili moja: mchanganyiko wenyewe ukiwa umebanwa mpaka uwakwepe majirani wote, kisha njia ya kuupaka, kisha matumizi kwenye mazingira fulani, ili la kwanza likifa mikononi mwa mkaguzi mengine yabaki yanapumua.